Wiki tatu bila nyama, samaki wala maziwa: tuchague njia ipi?

Mama wa Chumbageni
Habari zenu, wanajukwaa. Mimi na mume wangu tumekubaliana kuacha kwa muda vyakula vyote vitokanavyo na wanyama, yaani nyama, samaki, mayai, maziwa na hata asali, baada ya miezi mingi ya nyama choma na chipsi mayai za usiku. Tunaishi Tanga, tunapika wenyewe, na watoto wetu wawili wataendelea na mlo wao wa kawaida. Tumependekezewa njia tatu na hatuelewani. Ya kwanza ni juisi tupu kwa siku 7, ambayo mume wangu anaipenda kwa kuwa ni fupi. Ya pili ni mfungo wa Danieli wa siku 21, ambao kanisani kwetu hufanyika Januari: mimea na maji tu, bila sukari, bila chai, bila hamira wala vitu vya kukaanga. Ya tatu ni chakula chetu kilekile cha nyumbani, ila kitoweo cha mnyama kiondolewe kwa wiki hizo tatu. Naomba waliojaribu watulinganishie, hasa kwa upande wa gharama, nguvu za kufanyia kazi na amani ndani ya nyumba. Nitaje pia kwamba mume wangu anatumia dawa za presha.

Fundi Baiskeli
Dada, njia ya juisi tuliifuata mimi na mke wangu, na tuliishia siku ya nne. Asubuhi ya kwanza tulikamua machungwa tisa tukapata glasi mbili, tukazinywa tukiwa tumesimama, na ilipofika saa nne nilikuwa nimeshika spana huku mikono inatetemeka. Gharama yake usiipime kwa bei ya tunda moja, kwa sababu gunia la machungwa linalowatosha watu kumi kwa wiki mnalimaliza wawili. Makapi ya karoti na matango tulimpelekea jirani anayefuga kuku, ndoo nzima kila jioni, hadi mke wangu akasema kuku wale wanakula vizuri kuliko sisi. Nilipungua kilo tatu, na wiki mbili baadaye zote zilikuwa zimerudi.

Muuguzi Mstaafu
Kaka, sehemu kubwa ya kilo hizo ilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli pamoja na maji mengi, na akiba hiyo ikitumika bila kurudishwa, maji nayo hutoka, kwa hiyo mizani inashuka upesi ilhali mafuta ya tumboni yako palepale. Neno "kusafisha mwili" nalo linawapotosha watu wengi, kwa sababu kazi ya kuondoa taka hufanywa na ini na figo kila siku, na hakuna juisi inayozifanyia kazi hiyo. Kinachobadilika mtu anapokula mimea ni choo kulainika kwa ajili ya nyuzinyuzi, na nyuzinyuzi ndizo mnazozitupa kwenye makapi.

Kuhusu dawa za presha, Mama, msianze kabla ya kumwona daktari. Zipo dawa za presha zinazoufanya mwili ubakize potasiamu, na juisi za matunda na maji ya madafu zina potasiamu nyingi. Mtu akinywa lita mbili kila siku huku figo zake zimechoka, moyo unaweza kupata shida. Mwenye kisukari anayetumia insulini asifuate kabisa njia ya juisi kwa ushauri wa mtandaoni. Vitamini B12, ambayo kwa asili haipo kwenye mimea, isiwatie hofu kwa wiki tatu, kwa kuwa mtu mzima aliyezoea nyama ana akiba ya miaka kadhaa kwenye ini. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mchicha ndiyo ya kuangaliwa: kamulieni ndimu juu ya chakula, na chai isinywewe pamoja na mlo, kwa sababu huzuia madini hayo yasifyonzwe.

Binti Kisauni
Mimi ni mtu wa Mombasa, na nashangaa mnaona njia ya tatu ni mateso. Roweka mbaazi kavu usiku kucha, mwaga maji yale, zichemshe kwa tui la pili pamoja na kitunguu, pilipili boga na manjano, na zikishalainika ndipo utie kasimile, yaani tui zito la kwanza, na chumvi, uache zichemke polepole bila kufunika, kwani tui likikatika umeharibu. Anayekula mbaazi hizo kwa wali hatauliza nyama iko wapi. Pojo, ambazo ninyi mnaziita choroko, ni hivyohivyo na huiva upesi zaidi. Kisamvu kitwangwe sana na kichemshwe hadi kiive kabisa, kwa maana majani ya muhogo mabichi yana sumu.

Amani ya nyumba, dada yangu, inategemea sufuria ni ngapi. Ukipika mbaazi kwa nyumba nzima, kisha ukawakaangia watoto samaki pembeni, umepika mara moja na nusu. Njia ya juisi itakufanya upike mara mbili, na harufu ya samaki hao itampitia mumeo puani akiwa na glasi ya tango mkononi.

Mzee wa Same
Nimekulia katika nyumba ya Wasabato, na nyama tuliiona kwa nadra, kwa hiyo naiunga mkono njia ya tatu, ila kwa tahadhari. Kachori, chapati, mihogo ya kukaanga na soda vyote havina mnyama ndani, na mtu anaweza kuvila wiki tatu akatoka na kitambi kikubwa kuliko alichoingia nacho. Mfungo wa Danieli unaishinda njia hiyo hapo, kwa sababu unakataza mafuta ya kukaangia na sukari. Kasoro yake ni chai: mtu aliyezoea vikombe vinne akiacha ghafla, kichwa kitamgonga siku mbili tatu, naye atadhani ni sumu inatoka. Punguzeni kikombe kimoja kimoja wiki moja kabla. Tena, mfungo ule ni ibada. Danieli aliacha chakula kizuri, nyama na divai kwa wiki tatu akiwa katika maombolezo, hakuwa akipunguza kiuno. Kama nia yenu ni afya, chukueni katazo la sukari na vya kukaanga mliweke juu ya maharage yenu.

Binti Kisauni
Naafiki, mzee, lakini tui la nazi nalo ni mafuta. Mara tatu kwa wiki yatosha.

Mama wa Chumbageni
Nawashukuru sana. Tumekubaliana kufuata njia ya tatu pamoja na masharti ya Mzee wa Same, na Ijumaa mume wangu atakwenda kliniki na dawa zake mkononi kabla hatujaanza. Mama mkwe alipotupigia simu jana akauliza, kama kawaida, leo mboga ni nini, nikajibu kwamba mboga ni mboga. Alinyamaza, kisha akaomba azungumze na mwanawe. Huyo mwanawe amesoma majibu yenu yote na ameuliza jambo moja tu, kama dagaa nao wanahesabiwa. Nimeshamgawia wifi mfuko mzima uliokuwa jikoni.