Swichi janja kwenye taa ya ngazi yenye swichi mbili: simu inaiona, lakini taa haiwaki

Mwenye nyumba, Tabata

Wakuu, habari za leo. Nyumba yangu ina ghorofa moja, na taa ya ngazi inaendeshwa na swichi mbili za tuwei (kila moja huweza kuwasha au kuzima taa ileile), moja ikiwa sebuleni chini ya ngazi na nyingine ikiwa juu kwenye korido. Zilifanya kazi vizuri kwa miaka mingi. Hivi karibuni nilimwita fundi aondoe ile ya chini na kuweka swichi janja, yaani ya kuendeshwa kwa simu, ya aina inayohitaji nyutro (waya wa kurudisha umeme), na ile ya juu tukaiacha kama ilivyokuwa. Fundi alikuta nyaya tatu kwenye kisanduku cha chini: mwekundu mmoja na wa bluu wawili. Alipima kati ya ule mwekundu na mmoja wa bluu, akapata volti 230, akasema huo wa bluu ndio nyutro, akaufunga kwenye tundu la nyutro la swichi janja. Wa bluu wa pili akaufunga kwenye tundu la kutoka kwenda taani.

Tangu siku hiyo, swichi ya juu ikiwa upande mmoja, simu inaiona swichi janja na hata kuipa amri, lakini taa inamemeteka hafifu tu. Nikiigeuza ya juu upande wa pili, swichi janja inazimika kabisa na simu inasema haipatikani. Nimebadilisha balbu ya LED bila mafanikio. Je, tatizo ni swichi yenyewe au ni nyaya?

Fundi umeme, Mombasa

Ndugu yangu, kwa maelezo yako swichi ni nzima. Ule waya wa bluu si nyutro. Katika ufungaji wa tuwei uliozoeleka, moto, yaani waya unaoleta umeme, huingia kwenye tundu la COM (la pamoja) la swichi ya kwanza, nyaya mbili za kati huunganisha matundu mengine mawili, L1 na L2, ya swichi zote mbili, kisha COM ya swichi ya pili hupeleka umeme taani. Kwa hiyo nyaya zako mbili za bluu ni hizo za kati, na ile ya juu huchagua ipi kati yake iunganishwe na balbu.

Sasa fuata njia ya umeme. Swichi ya juu ikiuchagua waya ambao fundi wako aliuita nyutro, swichi janja hupata njia ya kurudi kwa kupitia balbu, nayo huamka kwa umeme mdogo unaopita humo, ndiyo maana taa inamemeteka. Hata ukiiamuru iwashe, umeme inaoutoa unakwenda kwenye waya wa pili, ambao wakati huo umekatwa kule juu. Ukigeuza ya juu, waya wa kutoka unaunganishwa na balbu, lakini swichi janja imepoteza ile njia yake ya kurudi, hivyo imelala na haiwezi kuwasha chochote. Ama iko macho bila taa, ama ina taa lakini imelala.

Zile volti 230 zilimdanganya fundi kwa sababu maltimita (kile kipimio cha umeme) huvuta umeme kidogo mno, na kwa hiyo balbu iliyo katikati ya njia haipunguzi kipimo kiasi cha kuonekana. Toeni balbu, kisha mpime tena swichi ya juu ikiwa palepale. Kipimo kikiporomoka au kikianza kuyumba, jibu mmelipata. Nyutro ya kweli haijali kama balbu ipo au haipo. Rangi nazo msizitegemee: katika nyumba nyingi nyaya hupitishwa mojamoja ndani ya bomba la plastiki, na rangi huwa ni ya roli lililokuwepo siku hiyo.

Mchangiaji, Arusha

Naomba kuuliza palepale. Karibu na swichi ya chini bila shaka ipo soketi, na ndani ya soketi nyutro ipo. Kuna ubaya gani kuivuta kutoka hapo? Nimewahi pia kuona mahali ambapo fundi alitumia waya wa erthi badala ya nyutro, na swichi ilifanya kazi.

Fundi umeme, Mombasa

Kufanya kazi itafanya, na hapo ndipo hatari ilipo. Soketi zina breka yake na taa zina yake. Ukichanganya, mtu atakayezima breka ya soketi ili atengeneze soketi, kisha akaiachanisha ile nyutro, anaweza kupigwa na umeme uliopitia kwenye swichi ya taa, ilhali anaamini amezima kila kitu. Na kama nyumba ina breka inayokata umeme unapovuja, na mizunguko hiyo miwili iko chini ya breka tofauti za aina hiyo, zitakuwa zinajikata bila sababu inayoonekana.

Kuhusu erthi sina lugha ya upole. Erthi haipaswi kubeba umeme wakati wa matumizi ya kawaida. Siku muungo wake ukiachia, umeme ule unaweza kutokea kwenye bodi ya friji au ya pasi. Aliyefanya hivyo asiitwe tena.

Mwenye nyumba, Tabata

Ahsante sana, mkuu. Tumezima breka ya taa, tukatoa balbu, tukawasha na kupima upya: kipimo kimeporomoka kama ulivyosema. Tumefungua pia kule juu darini, kwenye holda ya taa ipo nyutro pamoja na waya mmoja tu unaotoka kwenye swichi ya juu. Moto wa moja kwa moja, usiopitia swichi, haupo.

Fundi umeme, Mombasa

Vizuri, hilo la mwisho ndilo linaloamua. Kama moto wa moja kwa moja ungekuwepo darini, ningekushauri uzirudishe swichi zote mbili za kawaida na kuficha moduli ndogo (kifaa janja cha kuwasha na kuzima taa) karibu na holda, huku waya wa kutoka swichi ya juu ukiingia kwenye tundu lake la ishara, na moduli ikipangwa ibadilishe hali ya taa kila swichi inapogeuzwa. Hapo ni lazima iwe moduli inayopokea volti 230 kwenye tundu hilo, kwani zipo zinazotaka mgusano usio na umeme, na hizo zingeungua papo hapo.

Kwako wewe, tumia swichi janja uliyokwisha kuinunua. Kwenye kisanduku cha juu, ondoa ile swichi, kisha unganisha waya wa taa moja kwa moja na ule wa bluu unaotoka kwenye tundu la kutoka la swichi janja. Wa bluu wa pili sasa hauna kazi, basi upe kazi ya nyutro: vuta waya mmoja mpya kutoka kwenye nyutro ya holda hadi kisanduku cha juu kupitia bomba lilelile, uunganishe na huo wa bluu, na ncha zake zote, juu na chini, uzizungushie tepu nyeusi ili fundi ajaye asiingie mtego uleule. Nyutro hiyo ni ya mzunguko wa taa wenyewe, hivyo haina kasoro nilizotaja. Miungo ifungwe kwa konekta za skrubu, si kwa kusokota na kuzungushia tepu peke yake.

Juu kwenye korido weka kitufe cha betri kinachowasiliana bila waya na swichi yako. Hakikisha kabla ya kununua kwamba vinaelewana, na ikiwezekana kiwe cha aina inayofanya kazi hata intaneti ikikatika, maana ngazi haisubiri bando. Halafu kwenye programu ya simu uchague taa ibaki imezimwa umeme unaporudi baada ya kukatika, la sivyo itakuwa inawaka usiku wa manane.

Kazi hii ifanywe breka ikiwa imezimwa, na mwenye leseni. Leseni hiyo kwenu hutolewa na EWURA, kwetu Kenya na EPRA, ambazo ni mamlaka za udhibiti wa nishati.