Angkor: hekalu gani lina miti lakini halina msongamano?

mzigo_wa_bangkok
Wakuu, salaam. Nikimaliza manunuzi Bangkok nataka kupitia Siem Reap, Kamboja, na nina siku moja tu ya mahekalu ya kale ya Angkor yaliyo karibu na hapo. Ta Prohm nimeliona kwenye picha: mizizi imelalia mapaa, na mbele yake watu foleni wakisubiri kupiga selfi. Mimi nataka pa kutulia. Naongozana na shangazi, magoti yake na ngazi hayapatani.

Kobe Mtembezi
Nenda Ta Nei, mkuu. Ni la mfalme yuleyule wa Ta Prohm, Jayavarman VII, mwishoni mwa karne ya 12, ila dogo, na limejificha msituni kaskazini mwa hekalu jingine, Ta Keo. Mabasi ya watalii hayafiki. Nilipoingia mimi, mlinzi alikuwa amelala kwenye bembea ya wavu, akafumbua jicho moja akalifumba tena. Mawe yameporomoka hadi uani, yote yana ukungu wa kijani, na miti ya spung, ile mikubwa ya mizizi, imesimama juu ya kuta kama wenye nyumba. Kimya usikitegemee sana lakini, nyenje wa pale wanapiga kelele mpaka masikio yanawasha!

Bi Mkubwa wa Tanga
Kobe, na magoti ya shangazi umeyasahau? Kwenye mawe yale atapita wapi? Mpeleke Preah Khan. Ni kubwa lakini limejengwa chini, bila ghorofa za kupanda. Kazi ni kuvuka vizingiti tu. Mfalme alilijenga mwaka 1191 kwa heshima ya baba yake (la mama ndilo hilo Ta Prohm, 1186). Ingieni mashariki, mtokee magharibi, dereva awasubiri huko. Miti mikubwa iko upande wa mashariki, imeukalia ukuta. Na mwangalie zilipokuwa sanamu za Buddha ukutani. Nyingi zilikwanguliwa pale ibada ya Shiva, mungu wa Kihindu, iliporudi na nguvu, nyingine zikachongwa upya zikawa watawa wenye ndevu. Mimi nilikaa hapo zaidi kuliko kwenye miti.

mzigo_wa_bangkok
Asante Bi Mkubwa. Shangazi huvaa baibui, hawatamsumbua? Na tiketi?

Kobe Mtembezi
Nimekubali, Preah Khan kwanza. Baibui haina neno, wanachotaka ni mabega na magoti yafunikwe. Tiketi ya siku moja ni dola 37 na inaingia mahekalu yote mawili, ila mlangoni haiuzwi: inunue mjini kwenye ofisi yao au mtandaoni. Ta Nei nenda jioni peke yako, shangazi abaki na dereva Ta Keo. Mvua ikiwa imenyesha, njia ile ni tope tupu, vaa viatu usivyovionea huruma. Na mizizi usiipande hata ukimwona mzungu kaipanda. Sehemu nyingine ndiyo inayoushikilia ukuta.

Bi Mkubwa wa Tanga
Mbebee shangazi kofia na maji. Uani hakuna kivuli kama picha zinavyodanganya.