Breki ya ekzosi kwenye pikapu ya dizeli: itafaa kushukia Sekenke na mzigo?

Muuza Dagaa, Kirumba
Ndugu wanajukwaa, naomba ufafanuzi. Nina pikapu ya Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, inayopeleka dagaa Singida kutoka soko la Mwaloni na kurudi Mwanza ikiwa imejaa vitunguu. Kwa hiyo mlima Sekenke huushuka na mzigo, na ikifika Shelui rimu za mbele hazigusiki kwa joto na pedi zinanuka. Fundi mmoja amenishauri nifunge breki ya ekzosi kama ile ya Canter. Je, itaisaidia gari ya ukubwa huu bila kuumiza injini, na dereva anaweza kuiacha imewashwa safari nzima?

Dereva wa Buhongwa
Ndugu yangu, itasaidia, lakini gia ndiyo ya kwanza. Injini ya dizeli kama yako haibanwi hewa upande wa kuingizia kama ya petroli, ndiyo maana dereva akiachia mafuta mteremkoni gari haizuiliki sana. Breki ya ekzosi ni kilango kinachoziba bomba la moshi: hewa ikikosa pa kutokea, pistoni hulazimika kuisukuma kwa taabu, na taabu hiyo huyarudia magurudumu yanayoendeshwa na injini, mwendo ukashikika. Nguvu yake hutegemea mzunguko wa injini, hivyo aliye gia ya nne hataona tofauti kubwa. Dereva wako aingie gia ya tatu au ya pili kabla mteremko haujaanza, awashe swichi, kisha aondoe mguu kwenye mafuta na kwenye klachi pia, kwa sababu akikanyaga klachi injini imeshaachana na magurudumu. Breki ya mguu aikanyage barabara mwendo upungue, halafu aiachie kabisa ipoe. Kuiegemea mlima mzima ndiko kunakoleta harufu hiyo.

Kabla ya kununua chochote, badilisha mafuta ya breki. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu yanaweza kuchemka kwenye nyuzi 140 hivi, na yakichemka pedali huzama hadi chini bila kushika kitu.

Fundi Dizeli, Igoma
Nakubaliana na aliyetangulia, naye hajagusa upande wa injini. Huko Marekani pikapu za Ram zenye injini ya dizeli ya Cummins ya lita 6.7 zimekuwa zikitoka kiwandani na breki hii tangu 2007, na turbo yenyewe, yaani feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ndiyo inayobana moshi. 1HZ haina turbo, kwa hiyo utafungiwa kilango, na hapo ndipo umakini unapohitajika: mgandamizo wa moshi ukizidi uwezo wa springi za valvu, valvu za moshi (vifuniko vinavyoutoa moshi ndani ya injini) husukumwa zikafunguka wakati zinapaswa kuwa zimefunga. Asiyeweza kukueleza atakavyodhibiti mgandamizo huo, usimpe gari.

Jambo la pili ni vakyumu, yaani nguvu ya kufyonza hewa. Kwenye malori madogo mengi kilango huvutwa na vakyumu ya pampu ileile inayolisha busta ya breki (kifaa kinacholainisha pedali), kwa hiyo mpira ukivuja popote pedali inakuwa ngumu, tena mlimani. Aidha, mwambie aunganishe taa za breki, maana anayekufuata haoni kama unapunguza mwendo.

Kuiacha safari nzima sikushauri. Inazuia magurudumu ya nyuma peke yake, na pikapu isiyo na mzigo ni nyepesi nyuma. Lami ikilowa, nyuma inaweza kuhama.

Muuza Dagaa, Kirumba
Nawashukuru sana. Nitaanza na mafuta ya breki wiki hii. Na ikiwa mvua inanyesha huku gari imejaa vitunguu?

Fundi Dizeli, Igoma
Mzigo unasaidia tairi kushika, ila usiutegemee. Aanze kushuka akiwa gia ya pili, taratibu, na swichi aizime hadi afike kwenye lami kavu.