Nikagulieni orodha kabla sijashuka Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme Nairobi: kompyuta ya mezani ya kuunda mwenyewe, bajeti laki moja

pikseli_southb

Wakuu, habari zenu. Nataka mashine ya kuhariri video za 1080p kwa DaVinci Resolve, na gemu ya mpira jioni. Bajeti ni 100,000. Skrini, kibodi na kipanya ninavyo. Orodha niliyoandikiwa dukani ni hii:

Prosesa Ryzen 5 5600. Bodi ya B450, mtumba. RAM DDR4 ya GB 8, kipande kimoja. SSD ya SATA, GB 240. Kadi ya picha "RX 580 8GB", mpya, imo kwenye boksi. Kasha linalokuja na pawasaplai ya wati 500 ndani yake.

Kuna kitu hapo hakitaelewana na kingine? Na kazi ya kuunganisha, nimwachie fundi au naiweza mwenyewe?

Bisbisi

Prosesa iache hapo hapo. Viini 6, nyuzi 12, na feni yake imo kwenye boksi. Kumbuka tu kwamba 5600 haina picha ndani yake (yenye picha ni 5600G), kwa hiyo bila kadi hutaona kitu kwenye skrini.

Ugonjwa mkubwa wa orodha yako ni lile kasha. Kabla hujatoa pesa, mwambie muuzaji afungue ubavu usome kibandiko cha pawasaplai. Namba kubwa iliyokolezwa wino ipuuze. Tafuta safu ya +12V uone ampea, kwa sababu prosesa na kadi ya picha zinakula kwenye laini hiyo. Ukikuta 16A, zidisha: 12 × 16 ni wati 192. Hizo ndizo wati zako. Pawasaplai halali ya wati 550 huandika ampea 43 hadi 45 hivi kwenye +12V. Ya bandia utaijua pia kwa mkono: ni nyepesi kama boksi la viatu, na haina kichwa cha pini 6+2 cha kadi ya picha.

Hesabu yenyewe: 5600 haipiti wati 76. Kadi kama RTX 3060 ni 170. Bodi, RAM, SSD na feni weka 50. Jumla kama 300, ila kadi huruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde chache, na pawasaplai dhaifu huzima mashine palepale. Ukiona kompyuta inajizima ukianza tu gemu lakini kwenye Resolve inatulia, anza kushuku hapo. Nunua ya 550 yenye jina, kando na kasha. Alama ya 80 Plus Bronze inakwambia umeme mchache unapotea kuwa joto. Haikuambii lolote kuhusu ulinzi, kwa hiyo usiridhike nayo peke yake.

Bodi: B450 inaibeba 5600 iwapo tu BIOS yake (programu ya bodi inayoiwasha mashine) imesasishwa. Ikiwa na BIOS ya 2019, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi, utadhani umeuziwa prosesa mbovu. Baadhi ya bodi zina kitufe cha kusasisha BIOS bila prosesa: flash diski iliyofomatiwa kwa FAT32, faili limebadilishwa jina kama kitabu cha bodi kinavyotaka (kwenye MSI ni MSI.ROM), unabonyeza na kusubiri. Kama ya mtumba haina kitufe hicho, chukua bodi ya B550M ulale usingizi.

RAM: GB 16, vipande viwili vya 8. Kipande kimoja kinafungua njia moja tu ya kumbukumbu, na Resolve chini ya GB 16 ni kujitesa. RAM zimepanda bei sana tangu mwisho wa 2025, najua inauma, lakini pesa ipunguze kwenye kasha. SSD ya GB 240 itajaa kabla mwezi haujaisha. Tafuta NVMe (SSD ya kasi, kama kijibamba) ya GB 500 ya kuchomeka kwenye bodi.

mzee_wa_chipu

Nyongeza kuhusu hiyo RX 580 "mpya". Kadi hii ilitoka 2017. Inayouzwa leo kwenye boksi jeupe mara nyingi ni 2048SP (viini 2048), yaani nguvu ya RX 570 iliyovaa jina la 580. 580 kamili ina viini 2304. Na nyingi zimeshachimba sarafu usiku na mchana, zikaoshwa, zikabandikwa stika mpya. Ukitazama kwenye skrubu za nyuma, zile nne zinazoshika hitsinki (chuma cha kupoza chipu), utaona vichwa vimelika kwa bisbisi. Kadi mpya haina sababu ya kuwa hivyo.

Hata iwe nzuri, usiinunue kwa kazi ya video. Tafuta RTX 3060 ya GB 12, hata mtumba, lakini umtake muuzaji aiwashe mbele yako. Beba GPU-Z, programu ya kukagua kadi ya picha, kwenye flash diski. Ifungue, soma jina, kumbukumbu na idadi ya viini. Kadi iliyobadilishwa jina kwenye BIOS yake, programu hiyo huiandikia FAKE mwanzoni mwa jina. Kisha pakia kazi nzito kwa dakika 15, si mbili. Kadi yenye chipu ya kumbukumbu inayokufa hutoa vidoti vya rangi ikishapata joto. Ikiwa baridi inakudanganya vizuri tu. Muuzaji akisema stima haipo au hana skrini ya kupimia, mshukuru, vuka barabara. Luthuli na Moi Avenue haziishiwi maduka.

Risiti iwe ya eTIMS (mfumo wa risiti wa KRA) na iandikwe ile namba ya S/N iliyo kwenye kifaa. "Waranti ya mwaka" bila S/N ni maneno ya mdomoni. Na M-Pesa lipa kwa till ya duka. Namba ya kijana aliyekushika mkono pale mlangoni iache.

ampea_moja

Mimi nitapinga kidogo. Kwa laki moja, kwa nini usichukue Ex-UK, mtumba wa kutoka Uingereza? Dell OptiPlex 7060 ya tower yenye i5-8500, uongeze RAM na kadi, ubaki na chenji. Kizazi cha 8 kinakubali Windows 11 rasmi. Zile za i5-6500 wanazosukuma kwa bei ya chini hazikubali.

Bisbisi

@ampea_moja ni shauri zuri kwa anayehariri kidogo. Lakini mwambie yote. Pawasaplai ya hizo OptiPlex ni ndogo na vichwa vyake kwenye bodi ni vya Dell peke yake, kwa hiyo huwezi kuibadilisha na ya kawaida ya dukani. Unabaki na kadi zinazoridhika na wati 75 za nafasi ya PCIe (tundu la kadi kwenye bodi), kama RTX 3050 ya GB 6 inayokula 70. Na akichukua ile nyembamba badala ya tower, kadi lazima iwe fupi pia. Siku akitaka kupanda juu, anauza zote anaanza upya.

pikseli_southb

Asanteni wakuu. Nimeondoa B450, RX 580 na lile kasha. Nakwenda na B550M, RAM 2×8, NVMe ya 500, pawasaplai ya 550, RTX 3060 mtumba. Sasa kuunganisha?

dada_wa_waya

Fanya mwenyewe, ni kazi ya saa mbili tatu na bisbisi moja ya nyota. Nataja tu mahali watu wanapoharibu.

Anzia mezani, bodi ikiwa juu ya boksi lake. Gusa chuma kabla ya kushika chipu. Pini 1331 za 5600 ziko chini ya prosesa yenyewe: inua wenzo wa soketi, linganisha pembetatu ya dhahabu na ya bodi, iache idondoke kwa uzito wake. Usiikandamize. Ikikataa, imegeuzwa au kuna pini imelala.

Feni ya boksi inakuja na grisi ya joto tayari, usiongeze nyingine. Hapa ndipo pana mtego: ili kuifunga unatoa zile skrubu nne na vipande vya plastiki vilivyo kando ya soketi, na ukishazitoa bamba la chuma la nyuma linaanguka, maana ndizo zilizolishika. Lishikilie kwa kidole kutoka chini, au bodi ilale juu ya kitu. Skrubu zikaze kwa msalaba, mzunguko mmoja hapa, mmoja kule, la sivyo upande mmoja unabana prosesa na mwingine unaelea. Na siku ya kuitoa, washa mashine kwanza ipate joto, uizime, kisha izungushe feni kushoto na kulia kabla ya kuvuta. Ukivuta kavu, prosesa inang'oka na grisi ukiwa umefunga wenzo.

RAM ziingie nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa.

Kwenye kasha, hesabu nguzo za shaba zinazoinua bodi kabla ya kuweka bodi. Nguzo moja ikibaki mahali ambapo bodi haina tundu, inagusa saketi kwa nyuma na kuchoma kitu. Bamba la nyuma la milango (ya USB na mingine) litangulie, wengi hulikumbuka wakiwa wamekaza skrubu ya mwisho. Kebo ya prosesa ni pini 4+4, ya kadi ni 6+2, hazifanani, usilazimishe. Pawasaplai ikiwa ya kebo za kuchomoa, usiazime kebo ya pawasaplai nyingine hata kama inaingia. Upande wa pawasaplai kila mtengenezaji hupanga waya anavyotaka, na 12V ikitua mahali pa 5V ndiyo buriani ya SSD.

HDMI ichomeke kwenye kadi. Tundu la bodi halitatoa picha na prosesa hii.

Mbili za hapa kwetu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kuliko Mombasa kwa takriban asilimia 15, na feni inabeba joto pungufu kuliko kule pwani. Weka feni moja mbele hata kama kasha lina moja ya nyuma. Na stima ikirudi huwa haibishi hodi. UPS ya line-interactive (inayosawazisha volteji) ni bora, na unaponunua soma wati, si VA: ya 650VA huwa chini ya wati 400.

pikseli_southb

Nimemaliza kuunganisha. Feni zote zinazunguka, skrini haina kitu. Kwenye bodi kuna kitaa kinawaka pameandikwa DRAM. HDMI iko kwenye kadi, nimehakikisha.

dada_wa_waya

Subiri dakika moja kwanza, mara ya kwanza bodi hujipima RAM. Kitaa kisipozima, zima umeme ukutani, toa vipande vyote viwili. Angalia nafasi zako: bodi nyingi zina kibanio upande mmoja tu, wa juu. Juu kinalia "tak" na unaamini kimeingia, kumbe upande wa chini wenye nafasi ngumu umeinuka kama milimita moja. Inama utazame kwa tochi: miguu ya dhahabu ikionekana zaidi upande wa chini kuliko wa juu, kipande hakijaingia. Kandamiza upande wa chini kwanza. Jaribu na kipande kimoja kwenye nafasi ya pili, kisha ongeza cha nne.

pikseli_southb

Imewaka! Ni kile cha nafasi ya nne, upande wa chini kabisa. Lakini BIOS inasema RAM iko 2400 na nilinunua ya 3200.

Bisbisi

Hiyo si kasoro. Ingia BIOS, tafuta XMP au DOCP (mpangilio wa kasi ya RAM), chagua profaili ya kwanza, F10 kuhifadhi. Ikigoma kuwaka, iache, baada ya majaribio machache bodi nyingi hurudi zenyewe kwenye kasi ya mwanzo.

Swali langu: SSD uliiweka chini ya kile kifuniko cha chuma cha bodi? Ile nailoni nyembamba iliyobandikwa ndani ya kifuniko, uliitoa?

pikseli_southb

Nafungua tena.