Jibu: Kontena la nguo na dawa kwa waliokumbwa na mafuriko

> Ndugu zangu, tumeanza kukusanya nguo na dawa za kupeleka nyumbani. Kuna aliyewahi kusafirisha kontena la msaada? Nyaraka gani zinatakiwa?

Dada, asante kwa kulibeba jambo hili. Nakuomba sana, simamisheni ukusanyaji kabla hamjalipia kontena.

Ukishapata nyaraka, bado bandarini lazima awepo mpokeaji anayetambulika kisheria, awe na kibali cha msamaha wa ushuru mkononi. Asipokuwapo, gharama za kuhifadhi mzigo zinapanda kila siku, na atakayezilipa ni yuleyule mnayetaka kumsaidia.

Dawa ndizo zinazonitia hofu zaidi. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, Aceh kule Indonesia ilipokea takriban tani 4,000 za dawa. Nyingi zilikuwa na maelezo ya lugha ambazo wahudumu wa huko hawakuzijua, nyingine zilikuwa zimepitwa na muda, na kuziteketeza kukawa mzigo mwingine. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unataka dawa za msaada ziwe na angalau mwaka mmoja wa matumizi zinapofika, na unakataza zile zilizokwisha kutolewa kwa mgonjwa zikarudishwa. Vidonge vilivyobaki kabatini mwetu, basi, havifai kabisa.

Halafu kuna suala la nafasi. Haiti, baada ya tetemeko la ardhi la Januari 2010, bandari ya Port-au-Prince ilikuwa imeharibika na uwanja wa ndege una njia moja tu ya kurukia. Ndege iliyobeba hospitali ya mahema ya shirika la Madaktari Wasio na Mipaka ilizuiwa kutua, ikaelekezwa Samaná, nchi jirani ya Jamhuri ya Dominika, na majeruhi wakaendelea kusubiri upasuaji. Panapokuwa na msongamano wa namna hiyo, marobota ya nguo yanakalia nafasi ya kitu kinachookoa maisha.

Tumeni fedha.

> Kaka, nimekuelewa, lakini fedha zinaliwa. Kontena angalau linaonekana.

Wasiwasi wako ni wa haki. Kontena nalo huliwa, dada, tena bila risiti. Chagueni shirika au kikundi kilichokuwa kikifanya kazi eneo hilo kabla ya mafuriko, akaunti iwe na watia saini zaidi ya mmoja, na tumeni kwa awamu: taarifa ya awamu ya kwanza ifike ndipo ya pili itoke.

Ulizeni pia kama soko linafanya kazi. Kama lipo wazi, mama atajua mwenyewe kama anahitaji sufuria, godoro au nauli. Kama barabara zimekatika, kama ilivyokuwa Beira, Msumbiji, baada ya Kimbunga Idai mwaka 2019, fedha mkononi haina la kununua. Pale zilihitajika helikopta na boti, kisha chanjo ya kipindupindu, na mchango wetu uende kwa wenye uwezo wa kuvifikisha.

Nguo mlizokwisha kukusanya ziuzeni hukuhuku, mapato yaingie kwenye mchango.