Tupeane uzoefu: akaunti ya malipo kufungiwa hela ikiwa ndani (wauzaji wadogo wa Tabora, Kigoma na jirani)

Nyuki_wa_Isevya (mwanzisha uzi)

Wakuu mwangaluka. Juzi nimeongea na jamaa wawili wanaouza vitu mtandaoni, mmoja yuko Urambo mwingine Ujiji, wote washawahi kufungiwa akaunti hela ikiwa ndani na kila mmoja alikuwa anajua ni yeye tu limemkuta. Nikasema hapana, hili tuliweke mezani.

Naanza na langu. Mimi nipo Isevya hapa Tabora, nanunua nta kwa warina asali wa Sikonge, nayeyusha, natengeneza mishumaa. Hapa nyumbani haitoki sana, mtu anaona si bora anunue ile ya dukani, ila wazungu wanaipenda balaa, nikapata wateja Ujerumani na Uholanzi kwa kupiga picha tu na kuzipandisha. Shida ikawa kulipwa. Ile kampuni ya malipo ya nje ambayo wateja wote wanaitaka, ukijisajili kwa Tanzania ilikuwa unaweza kulipa tu, kupokea hakuna. Binamu yangu yupo Nairobi, huko kupokea wanaruhusiwa, akafungua kwa jina lake akanipa neno la siri, nikawa naingia mwenyewe toka huku. Miezi minane mambo safi, hela ikiingia binamu anaitoa, anakata ya soda, ananitumia.

Mwezi wa pili nikatuma boksi la mishumaa 40 kwenda Ujerumani. Sasa sijui lilikaa wapi, juani au ndani ya gari, mteja akanirushia picha mishumaa imepinda kama ndizi, mingine imegandana mgongo kwa mgongo. Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 mpaka 64 lakini kulegea inalegea mapema zaidi, hilo nalijua vizuri, na bado sikuweka hata maranda ya mbao humo ndani. Kosa langu. Nikamwambia nakurudishia nusu, kumbe mwenzangu ameshafungua malalamiko kule kwenye kampuni.

Tarehe 3 Machi naamka nakuta akaunti ina vizuizi. Leta kitambulisho cha mmiliki, leta uthibitisho wa anuani, leta risiti za mahali unaponunua bidhaa. Ndani kuna dola 618. Yaani naziona, zimekaa pale, ila kitufe cha kutoa kimekuwa cha kijivu ukibonyeza ni kama unabonyeza ukuta. Binamu akatuma kitambulisho. Akatuma bili ya maji. Wakauliza kwanini akaunti ya mtu wa Nairobi inafunguliwa kila siku kutokea Tanzania. Hapo tukaishiwa maneno. Na risiti za nta, jamani, mimi napimiwa na mzee chini ya mwembe kwa mzani wa kuning'iniza, yule mzee anipe risiti gani?

Jibu la mwisho, hela zinashikiliwa siku 180. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, inaangukia 30 Agosti. Haya, karibuni, na nyie leteni.

MamaDagaa_Kibirizi

Pole sana mwanangu. Yangu haikuwa ya nje, ilikuwa hapahapa kwenye laini ya simu, na iliniuma mpaka leo nikisikia mlio wa meseji moyo unashtuka.

Niko Kigoma, nauza dagaa na migebuka kwa kuweka picha status, wateja wa Dar, Dodoma, wengine Mbeya. Mnakumbuka 2024 serikali ilifunga uvuvi ziwa Tanganyika miezi mitatu, 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo laini yangu ilikuwa imelala, inapita hela ya vocha na ya mboga basi. Ziwa likafunguliwa, ila likafunguliwa mbalamwezi inakaribia kujaa, na dagaa wetu wanavuliwa kwa taa gizani, kwahiyo wiki ile mzigo ulikuwa kiduchu na bei juu. Nikatangaza, anayetaka alipe kabisa aandikwe, giza likiingia mwisho wa mwezi natuma. Weee! Watu walikuwa na hamu ya dagaa kama wajawazito. Siku mbili zikaingia milioni tatu na ushee, elfu hamsini hii, elfu themanini hii, laki na nusu ya mtu nisiyemjua hata jina, simu inalia mpaka mwanangu wa mwisho akawa anaihesabia.

Giza likaingia, nikashuka mwaloni alfajiri, nimeshaelewana bei na mwenye mzigo, dagaa wanamiminwa kwenye ndoo za kupimia, natuma hela inakataa. Natuma tena inakataa. Meseji ikaja akaunti yako imesitishwa, fika ofisini na kitambulisho. Yule mwenye dagaa akanitazama akaanza kurudisha dagaa kwenye turubai lake taratibu bila kusema neno, na nyuma yangu kuna mama mwingine ameshafungua mkoba.

Sasa sikieni kilichoniua. Laini ilisajiliwa kwa jina la marehemu mume wangu. Ile 2020 wanafunga laini zisizo na alama za vidole, namba yangu ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, ilikuwa haijatoka, akanisajilia yeye. Akafariki 2022, na mimi kuhamisha jina wala sikufikiria, laini si inafanya kazi. Nafika ofisini binti wa kaunta ananiambia mama, mmiliki aje mwenyewe. Nikamwambia mwanangu, mmiliki yupo makaburini, nikuletee vipi? Akanyamaza, akaenda ndani, akarudi na karatasi: cheti cha kifo, barua ya mahakama ya kusimamia mirathi, kitambulisho changu. Mirathi yenyewe ilikuwa haijafunguliwa. Wiki saba. Wiki saba wateja wananiita tapeli, mmoja aliniweka kwenye grupu la wauza samaki na picha yangu na wekundu juu yake. Nikakopa kikoba nikawarudishia waliopiga kelele zaidi, wale wapole nikawaomba wavumilie, Mungu awabariki wale wapole.

Ujiji_Mitumba

daah mama dagaa umenitoa machozi na kicheko pamoja

langu fupi. nauza viatu vya mtumba kwa picha. jamaa wa Dodoma kalipa laki moja na ishirini, nikampa mzigo kondakta wa basi, kafika kapokea kanishukuru kabisa. baada ya masaa mawili naona salio limepungua laki na ishirini halafu meseji kwamba kiasi kinazuiwa kwa uchunguzi. kumbe kapiga huduma kwa wateja kasema amekosea namba arudishiwe!! nikapiga na mimi wakaniambia nithibitishe. nithibitishe na nini mkuu, na maneno? bahati sijafuta meseji zake hata moja na alinitumia vois ya "kaka kiatu kimenikaa poa sana kile cheusi", hiyo vois ndio iliniokoa pamoja na karatasi ya basi yenye jina lake. siku tisa hela ikaachiwa. tangu siku hiyo sifuti meseji ya mteja hata kama katuma salamu ya ijumaa

Wakala_Gongoni

Nitasema ukweli mnisamehe. Nipo kwenye uwakala wa hela za simu miaka kumi na moja, na hizi hadithi zote humu zina kitu kimoja: jina. Wewe wa mishumaa akaunti ni ya binamu, mama hapo laini ni ya marehemu Mungu amlaze pema. Ule mfumo hauna macho, haujui kama wewe ni mama dagaa au ni tapeli, unachoona ni jina moja na mwendo usiofanana na jina lile. Akaunti imelala miezi mitatu halafu ghafla milioni tatu kwa siku mbili kutoka kwa watu thelathini, ungekuwa wewe ungefanyaje?

Na hawa watu hawafungi kwa kupenda. Sheria ya kuzuia utakatishaji fedha ipo tangu 2006, wanatakiwa kujua mteja ni nani na kutoa taarifa wakitilia shaka. Halafu Oktoba 2022 nchi yetu iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, wale wanaoangalia fedha chafu duniani, tumetolewa Juni 2025. Miaka ile yote semina tulizokuwa tunaitiwa mawakala ilikuwa ni kitambulisho, kitambulisho, kitambulisho.

Nyuki_wa_Isevya

Mkuu wakala hoja yako naikubali nusu. Ya binamu ni kosa, nimekiri. Lakini mtu kama mimi nifanye nini kama mlango wa jina langu haupo? Hata nikiwapelekea kitambulisho cha NIDA na TIN ya mlipakodi na cheti cha BRELA cha kusajili biashara kwa mpigo, fomu yao ya kupokea hela haina Tanzania kwenye orodha ya nchi. Ndio maana watu wanapitia kwa binamu.

Wakala_Gongoni

Hapo sina jibu bosi.

Ila kwa hela za ndani jibu lipo. Chukua lipa namba ya biashara, mteja akilipa anaona jina la duka lako, na hela ya duka haichanganyiki na ya kusuka nywele. Ukifungiwa usiende kupiga kelele kaunta, andika barua ya malalamiko, baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Benki Kuu wana kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za 2019, unaanza na mtoa huduma mwenyewe, akikuzungusha ndio unapanda kwao, na huko bila nakala ya ile barua unaanza upya.

dogo_wa_Cheyo

Mimi natafsiri nyaraka mtandaoni, nalipwa na watu wa nje. Oktoba 2020 kipindi cha uchaguzi mitandao ilipobana nikaweka VPN, ile inayokuonesha uko nchi nyingine, kama kila mtu, nikasahau kuizima, nikaingia kwenye akaunti ya malipo. Kwa hiyo asubuhi nipo Uholanzi, saa sita nimezima nipo Tabora, jioni nimewasha tena nipo Marekani. Wakafunga usiku huohuo 😂 Yangu ilikuwa kwa jina langu kabisa na kitambulisho, nikaandika nikawaeleza ukweli hivyohivyo, siku ya nne wakafungua. Kwahiyo wakala ana pointi kwenye jina.

MamaDagaa_Kibirizi

Pointi anayo, ila baba wakala usiseme kirahisi. Mimi nilivyokuwa nahangaika hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia kwa mdomo wake nimefungiwa kwa nini. Kila nikipiga napata mtu mpya naanza kusimulia kifo cha mume wangu upya. Nilisimulia mara kumi na moja, nilihesabu. Mara ya tisa hata sauti haikutetemeka tena, nilisoma kama risala.

Ujiji_Mitumba

hiyo ya kusimulia upya kwa kila mtu ni kweli kabisa. halafu wanakuuliza "kuna kingine nikusaidie"

mpiga_picha_Mwanga

Niongeze kwa wanaotuma vitu nje. Na mimi nilishikiliwa hela mara moja, nilituma vitenge kwenda Ubelgiji, mteja akasema hajapokea. Walichotaka ni namba ya kufuatilia mzigo tu. Nilikuwa nimetuma rejista Posta, ile namba ya herufi mbili, tarakimu tisa na TZ mwishoni, nikaiandika wakaangalia wenyewe wakaona mzigo umesainiwa, ikaachiwa kesho yake. Miezi yote ya nyuma nilikuwa natuma kawaida bila namba ili nibane matumizi. Na msiitoe hela ya oda mkaila kabla mzigo haujafika, kuna makampuni mteja ana hadi siku 180 za kulalamika, unashtukia salio limesoma hasi, yaani unadaiwa.

Nyuki_wa_Isevya

Wakuu narudi na mrejesho, mlioniuliza inboksi samahani nilikaa kimya. Tarehe 30 Agosti niliamka saa kumi usiku kama naenda kusafiri. Kijivu. Mchana kijivu. Binamu akasema tulia hao wanahesabu kwa saa za Marekani. Jana tarehe 31 asubuhi kitufe kimekuwa bluu. Mteja wa mishumaa ya ndizi walishamrudishia yake yote, dola 94, zimebaki 524, binamu amezitoa na safari hii hata ya soda hakukata, alisema tu hataki tena kuona jina lake kwenye biashara yangu. Nimemwelewa. Tulikuwa hatujaongea vizuri tangu mwezi wa tano.

Akaunti yenyewe haifunguki tena, waliachia hela tu. Mteja wa Uholanzi amekubali kunilipa kupitia benki, makato makubwa ila ni kwa jina langu.

MamaDagaa_Kibirizi

Alhamdulillah. Sasa mwanangu hiyo mishumaa inanukia asali kweli au maneno ya biashara? Nataka sita, nimpe shemeji yako mmoja anayefunga ndoa. Weka kwenye basi. Na utie maranda.

Nyuki_wa_Isevya

Inanukia mama, ukiiweka kabatini nguo zote zinanukia. Nimekutumia lipa namba inboksi.

MamaDagaa_Kibirizi

Nimeiona. Kabla sijabonyeza, linatokea jina la nani?

Nyuki_wa_Isevya

La kwangu mama, kama lilivyo NIDA.

MamaDagaa_Kibirizi

Limetokea. Haya nimetuma.