Naomba ushauri: besi ya Cliff Burton kwenye Kill 'Em All

Wakuu, salamu kwenu. Mwezi mzima sasa nasikiliza Kill 'Em All, albamu ya kwanza ya bendi ya Metallica ya mwaka 1983, na sijaichoka. Waliirekodi Rochester, New York, wiki chache tu baada ya kumfukuza mpiga gitaa Dave Mustaine na kumchukua Kirk Hammett kutoka bendi ya Exodus. Ile haraka inasikika: gitaa la James Hetfield linakatakata kama cherehani.

Shida yangu ni besi. Kuna wimbo mmoja ambao mpiga besi Cliff Burton ameachiwa uwanja karibu peke yake, besi inalia kama gitaa, halafu ngoma za Lars Ulrich zinaingia. Aisee, hapo nywele zinanisimama! Lakini kwenye nyimbo nyingi nyingine anazama chini ya magitaa, namtafuta simpati. Natumia hedifoni ndogo za simu.

Naombeni mnisaidie. Ninunue hedifoni kubwa, au ndivyo sauti za albamu zilivyochanganywa studio? Na nikitoka hapa niende Show No Mercy ya Slayer, ya mwaka huohuo, au Bonded by Blood ya Exodus, ya 1985? Nataka kuielewa thrashi, yaani hii metali ya kasi, tangu mizizi yake.